Mashine ya Kupasulia Mbao Ufipa: Gharama Haipotei, Inahama Tu

Tuseme una chumba cha bati nyuma ya nyumba pale Sumbawanga, una akiba kidogo, na unataka kuanza kutengeneza milango, meza na vitanda. Chaguo unazo nne. Kuna mashine ya kiwandani iliyo nyepesi, mtu mmoja anaibeba. Kuna mashine nzito ya mtumba, meza yake chuma cha kumimina, mota yake mara nyingi ya fezi tatu. Kuna ile inayochomelewa mtaani: fremu, shafti, beringi mbili, puli, mkanda na mota iliyotolewa mahali pengine. Na kuna chaguo ambalo watu hulisahau, la kutonunua kabisa: unabeba mbao zako kwa mwenye mashine, unalipia kazi, unarudi nazo.

Wengi wetu tungeanza kwa kulinganisha bei. Ni kawaida. Lakini bei iliyoandikwa kwenye kibandiko ni sehemu tu ya gharama. Kila zana ya kukata inayoonekana rahisi imehamishia gharama yake mahali pengine: kwenye mkaa, kwenye misuli, kwenye mti wenyewe, kwenye LUKU, au kwenye vidole vya fundi. Uwanda wa Ufipa ni mahali pazuri pa kuliona hilo, kwa sababu watu wake wamekuwa wakipiga hesabu hii tangu zamani, kabla hata neno "mota" halijafika.

Tanuru lisilo na mivukuto

Tuanze na chuma. Wafipa walikuwa wafua chuma wakubwa, na majembe yao yalijulikana mbali na kwao. Tanuru lao maarufu linaitwa ilungu, wingi wake malungu. Ni mnara wa udongo ambao ungeweza kufika kimo cha mita tatu hivi, na mabaki yake bado yanaonekana vijijini, hasa upande wa Nkasi. Profesa Bertram Mapunda aliyachunguza maeneo hayo kwa tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1995, akaonyesha kwamba Ufipa haikuwa na teknolojia moja tu ya kuyeyusha chuma. Kulikuwa na matanuru mengine pia, yakiwemo madogo yanayoitwa katukutu.

Ajabu ya ilungu ni hewa yake. Matanuru mengi ya Afrika yalihitaji watu wa kukandamiza mivukuto saa nyingi. Ilungu halikuhitaji. Urefu wa mnara ulifanya kazi kama bomba la moshi: hewa ya moto inapanda, hewa baridi inavutwa kupitia matundu ya chini, moto unajichochea wenyewe. Sasa hebu fikiria kibajeti. Umeokoa nguvu za watu, lakini tanuru refu linalojipuliza lenyewe linakula mkaa mwingi zaidi kuliko dogo la mivukuto. Gharama haikupotea, imetoka kwenye mikono ya watu ikaenda kwenye miti.

Tena kazi haikuishia hapo. Bonge la chuma lililotoka kwenye ilungu lilikuwa bado limechanganyika na mavi ya chuma, kwa hiyo lilipelekwa kwenye tanuru la pili, dogo, liitwalo kintengwe. Hilo lilitumia mivukuto. Yaani fundi wa Kifipa alichagua chanzo cha nguvu kulingana na hatua ya kazi: pale penye mawe mengi ya kuyeyusha aliuachia mvuto wa hewa, pale penye kazi ndogo inayohitaji uangalizi wa karibu akaweka watu. Huko ndiko kuchagua mashine, hata kama hakukuwa na duka.

Chuma kilikuwepo, msumeno haukuwepo

Mtu anaweza kuuliza: kama walikuwa na chuma chao wenyewe, mbona kazi ya mti waliifanya kwa shoka na tezo na siyo kwa msumeno?

Jibu liko kwenye umbo la chuma chenyewe. Tanuru la aina ile linatoa bonge, halitoi bati. Bonge unaweza kulifua likawa jembe, shoka, mkuki au kisu. Msumeno mrefu wa kupasulia gogo unataka kitu kingine: bamba jembamba, pana, lenye unene ule ule mwanzo hadi mwisho, gumu kiasi cha kushika makali lakini lisilovunjika likipinda. Kulipata kwa nyundo inawezekana, lakini ni kazi kubwa mno kwa bonge la ukubwa ule. Misumeno mirefu ikawa kitu cha kawaida duniani pale viwanda vilipoanza kusokota chuma kwa roli.

Kwa shoka, gogo moja linatoa mbao chache sana. Unalipasua kwa kabari, halafu unalichonga kwa tezo mpaka linyooke, na sehemu kubwa ya mti inabaki chini kama vibanzi. Zana ni ya bei ndogo, inanolewa kwenye jiwe, haina vipuri. Anayelipa ni mti.

Mtu juu, mtu chini

Pwani mafundi wa majahazi walishautumia msumeno kwa muda mrefu. Bara, kando ya Ziwa Tanganyika, kazi kubwa ya useremala wa majengo ilikuja na vituo vya kigeni. Karema, kaskazini mwa Ufipa, ilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1879 na kukabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers, mwaka 1885. Misheni inahitaji kenchi za paa, milango, madirisha, mabenchi. Kwa tezo peke yake hufiki mbali.

Zana iliyofaa wakati huo ilikuwa msumeno wa shimo. Gogo linalazwa juu ya shimo au juu ya jukwaa, mtu mmoja anasimama juu akifuata mstari, mwenzake yuko chini akivuta huku unga wa mbao unamwagikia usoni. Watanzania wengi wamewaona watu wakifanya kazi hii, kwa sababu haijaisha hadi leo katika misitu iliyo mbali na barabara.

Tupige hesabu kidogo. Mtu mwenye afya akifanya kazi ya mikono kutwa nzima hutoa wastani wa wati 75 hivi. Wawili ni wati 150. Mota ndogo ya kilowati 1.5, ambayo mafundi huiita ya "hosipawa mbili", ni sawa na watu 20 wanaovuta kwa pamoja bila kupumzika. Ndiyo maana msumeno wa shimo ni wa polepole kiasi kile. Lakini una sifa mbili ambazo mashine hazina. Kwanza, unabebeka kichwani mpaka mahali mti ulipoangukia. Pili, bamba lake ni jembamba, kwa hiyo njia yake ndani ya mti haipotezi mbao nyingi.

Kwenye uwanda usio na reli, sifa ya kubebeka ilikuwa kila kitu. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kutoka pale mzigo mzito uliteremka ziwani kwa meli hadi bandari kama Kasanga, kisha ukapanda ukingo wa bonde kwenda uwandani. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ilipita Tunduma, siyo Sumbawanga. Barabara ya lami ya kilometa zaidi ya 200 kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ilijengwa kwa msaada wa Marekani kupitia mpango wa Milenia uliosainiwa mwaka 2008. Kabla ya hapo, mtu wa Sumbawanga aliyetaka mashine ya kilo mia tatu alikuwa analipia njia karibu kama anavyolipia mashine.

Mduara unaingia

Msumeno wa duara una historia ndefu kuliko umeme. Mwingereza Samuel Miller alipata hataza ya mashine yenye msumeno wa namna hiyo mwaka 1777. Wazo lake ni rahisi: msumeno wa kwenda na kurudi unapoteza nusu ya muda ukirudi, wa duara haurudi, unakata muda wote. Tatizo lilikuwa nguvu. Maji na mvuke viliweza kuuzungusha, lakini kwenye kiwanda kikubwa tu.

Kilichouleta kwenye karakana ndogo ni mota ya umeme. Mwaka 1906 Mjerumani Wilhelm Altendorf alianzisha kampuni iliyotokana na mashine yake ya meza inayoteleza, ambayo mpaka leo ndiyo mfano wa mashine za kukatia mbao za bodi. Marekani, kampuni ya Delta ilitoa Unisaw mwaka 1939: mota imefichwa ndani ya sanduku la chuma, na diski inaweza kulazwa pembeni huku meza imebaki palepale. Angalia tarehe hizo. Karakana za nyumbani zilikuja pale ambapo nyumba zilishapata umeme wa uhakika. Mashine ile iliundwa ikichukulia kwamba umeme upo.

Huku kwetu mduara ulichukua pia njia nyingine, ya shambani. Kwenye mashamba ya miti ya Nyanda za Juu Kusini utakutana na dingdong, mashine ya kupasulia magogo inayoendeshwa kwa injini, inayohamishika, yenye diski kubwa na nene. Inafuata miti, haingoji umeme. Lakini unene wa diski una bei yake. Chukua diski inayochimba njia ya milimita 6, ukipasua mbao za milimita 25. Kila mbao inakula milimita 31 za gogo, na karibu asilimia 19 ya mti inakuwa unga. Diski ya milimita 3 ingepoteza asilimia 11 hivi. Tofauti hiyo unailipa kwenye kila gogo, mwaka hadi mwaka, na hakuna risiti inayoionyesha.

Sumbawanga haiko Marekani

Sasa turudi kwenye chumba chako cha bati.

Kwa miaka mingi Sumbawanga imekuwa nje ya gridi ya taifa, ikipata umeme kutoka Zambia kupitia Mbala pamoja na majenereta ya dizeli. Mradi wa laini ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga ndio unaokusudiwa kubadilisha hali hiyo. Kwa mnunuzi wa mashine, jambo la kujali ni volti zinazofika kwake, hasa akiwa mwisho wa laini. Nguvu ya kuzungusha ya mota isiyo na brashi hufuata kipeo cha pili cha volti. Zikishuka kutoka 230 hadi 190, nguvu hiyo inabaki asilimia 68 tu. Mota inapunguza mwendo, inavuta mkondo mwingi zaidi, inachemka, na siku moja unasikia harufu ya waya.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji wa Kariakoo hatakuambia, kwa sababu kwake halipo: mwinuko. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi. Jenereta ya kawaida isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, kwa hiyo ile iliyoandikwa kilowati 5 inabaki na 4 na kidogo. Mota nazo kwa kawaida hupewa viwango kwa matumizi yasiyozidi mita 1,000. Juu ya hapo upepo wake wa kupoza unabeba joto kidogo zaidi. Na mota ya kawaida inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kazi. Ukijumlisha yote, jenereta iliyotosha Dar es Salaam inaweza kuzimika Sumbawanga kila ukibonyeza swichi.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua mashine, chagua chanzo cha nguvu, kama wale wafua chuma walivyofanya. Mashine nyepesi ya kiwandani ina mota ya brashi: inaanza kirahisi, haina uzito, lakini kelele ni nyingi na brashi za kaboni zinaisha. Mashine nzito yenye mota isiyo na brashi ni tulivu na hudumu miaka, lakini inataka volti zilizosimama, na kama ni ya fezi tatu inataka laini ambayo pengine mtaani kwako haijafika. Kuvuta fezi tatu kunaweza kugharimu kuliko mashine yenyewe. Uliza kwanza ofisi ya TANESCO, kisha ndiyo uulize bei ya mashine.

Meno pia yana historia. Kampuni ya Krupp ya Ujerumani ilianza kuuza zana za kabaidi ya tangsteni kwa jina la Widia katika miaka ya 1920. Diski nyingi za leo zina vipande vya kabaidi kwenye ncha za meno. Zinadumu sana, hasa kwenye mbao ngumu kama mninga. Lakini tupa ya kawaida haiziwezi. Zinanolewa kwa jiwe la almasi. Diski ya chuma cha kawaida inaisha makali haraka, ila unainoa mwenyewe kwa tupa chini ya mwembe. Ipi ni rahisi? Inategemea kama mjini kwako yupo wa kunoa kabaidi. Kama hayupo, unanunua diski mbili na nauli ya kuzisafirisha.

Deni linalolipwa kwa vidole

Gharama moja haiandikwi popote. Tupige tena hesabu. Diski ya milimita 250 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, meno yake yanakwenda mita 52 kwa sekunde, karibu kilometa 190 kwa saa. Upande wa mbele meno yanashuka na kuikandamiza mbao mezani. Upande wa nyuma yanapanda. Mbao ikibana pale nyuma, meno yanainyanyua na kuirusha kwako kwa mwendo wa gari la mashindano, na mkono uliokuwa unasukuma unafuata kuelekea kwenye diski.

Dawa yake ni kipande cha chuma chembamba kinachosimama nyuma ya diski na kuzuia mpasuko usijifunge. Mashine nzuri za kiwandani huja nacho. Zile za kuchomelea mara nyingi hazinacho, wala kifuniko cha juu. Ndiyo sababu mojawapo zinauzwa kwa bei ya chini: zimeondoa kitu ambacho fundi atakilipia baadaye. Lakini hili halihitaji kiwanda. Aliyeweza kuchomelea fremu anaweza kuchomelea na kipande hicho, mradi umwambie kiwe kinene kidogo kuliko bamba la diski na chembamba kuliko njia ya meno yake.

Mwaka 1999 Mmarekani Steve Gass alibuni SawStop, mashine inayopitisha umeme mdogo kwenye diski, ikatambua umeme huo ukibadilika mwili wa binadamu unapoigusa, na kusimamisha diski ndani ya milisekunde chache. Ni kazi nzuri ya fizikia, lakini bei yake iko mbali na bajeti tunayoizungumzia. Kwa bajeti ndogo, ulinzi ni kipande cha chuma nyuma ya diski, kifuniko, fimbo ya kusukumia, na kusimama pembeni, siyo nyuma ya mbao.

Puli nayo inataka hesabu. Mota ya mizunguko 2,900 yenye puli ya milimita 140, ikivuta shafti yenye puli ya milimita 100, inakupa mizunguko 4,060. Kwa diski ya 250 ni sawa. Mtu akija na diski ya 400 akaifunga kwenye shafti ile ile, ncha zinafika kilometa 306 kwa saa, na mvutano unaotaka kuipasua diski unaongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Soma mzunguko wa juu ulioandikwa kwenye diski. Na usifunge kamwe diski ya meno ya mbao kwenye grainda: grainda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na haina pa kuishikia salama mbao ikibana.

Unga pia si wa kudharau. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka unga wa mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 1995. Feni ya kuuvuta ikikosekana, fungua milango yote na vaa barakoa.

Basi uchague ipi?

Kama bado unapata oda moja moja, usinunue. Lipia kupasuliwa kwa mwenye mashine, na hela yako weka kwenye randa nzuri, patasi na msumeno wa mkono. Umeme, meno na hatari vinabaki kwa anayevimudu.

Kama kazi zimeongezeka na una fezi moja, mashine ya diski ya milimita 250 inatosha. Inakata kina cha milimita 75 hivi, kwa hiyo mbao za moja kwa nane na mbili kwa sita zinapita bila shida. Tumia diski nyembamba: ikichimba milimita 2.4 badala ya 3.2, mota inaondoa robo pungufu ya unga, na kwenye volti dhaifu robo hiyo unaisikia.

Kama unachomelewa, kubaliana na fundi juu ya kipande cha nyuma, kifuniko, swichi ya kuzimia iliyo karibu na goti, na chuma cha kuongozea mbao kilicho sambamba kabisa na diski, kabla hamjazungumza rangi. Na kama unaitamani ile nzito ya mtumba, nenda ukaisikilize ikizunguka, shika shafti mashine ikiwa imezimwa uone kama inacheza, halafu uliza fezi.

Ukiwa na babu au mjomba aliyewahi kupasua mbao shimoni, muulize alikuwa juu au chini, walitoa mbao ngapi kwa siku, nani alinoa msumeno na kwa malipo gani. Andika majibu yake. Takwimu za kazi ile kwa Ufipa ziko vichwani mwa wazee hao, na hesabu zao zitakusaidia kujua mota yako inakufanyia kazi ya watu wangapi.